Kaseti iliyobadilishwa chipu si kaseti bandia

Ukifungua kaseti ya Game Boy, tuseme ile nyekundu ya Pokémon, unakuta bodi ya kijani ndogo kuliko kadi ya benki, na juu yake vitu vichache tu. Ipo chipu kubwa iliyobeba mchezo wenyewe. Ipo nyingine ambayo ni kama karani, ikichagua ni sehemu gani ya mchezo isomwe kwa wakati huo. Ipo ya tatu, kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambayo kazi yake ni kushika alipofikia mchezaji. Na pembeni ipo betri bapa ya mviringo kama sarafu, imeshikizwa kwa vikono viwili vya bati. Betri hiyo haiendeshi mchezo. Inamlinda huyo wa tatu asisahau, usiku na mchana, hata kaseti ikiwa imelala kabatini mwaka mzima. Ikiisha, hakuna taa wala mlio wa kuonya. Mwenye kaseti anaiwasha siku moja, na orodha inayotokea haina tena neno la kuendelea. Kilichobaki ni kuanza upya. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuitoa betri iliyokufa na kulehemu nyingine, kisha kusubiri nayo ife. Ya pili ni kuing'oa chipu ya kumbukumbu yenyewe na kuweka mahali pake nyingine isiyohitaji betri. Wakusanyaji wengi wa magemu ya zamani huikubali ya kwanza na kuikunjia uso ya pili. Kwao, kaseti iliyong'olewa chipu imeshachezewa na imepoteza uasili wake, na wapo wanunuzi wanaoitia kapu moja na kaseti feki. Mimi naona wamekosea, na kosa lao halihusu gemu peke yake, kwa sababu linagusa swali la kitu gani hasa kinachorithishwa pale mtu anapotunza chombo cha kale chenye umeme ndani.

Tuanze na sababu ya betri kuwekwa humo. Game Boy ilitoka Japani Aprili 1989, kazi ya timu ya Gunpei Yokoi katika kampuni ya Nintendo. Yokoi aliamini kwamba teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei, ikipewa matumizi mapya, huzaa bidhaa bora kuliko teknolojia mpya ya gharama. Ndiyo maana skrini ya Game Boy haikuwa na rangi wakati Atari Lynx ya mwaka uleule ilikuwa nazo, na bado Game Boy pamoja na mdogo wake, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Namna ya kuhifadhi mchezo ina harufu ya fikra hiyohiyo: chipu ya RAM ya kawaida, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika, ikapewa betri ndogo ya kuidanganya kwamba umeme haujakatika. Ilikuwa rahisi, nafuu, na ilitosha kwa kitu ambacho kiwandani kilionekana kuwa kichezeo cha misimu michache. Tetris, gemu iliyouzwa pamoja na mashine hiyo sehemu nyingi za dunia, haikupewa hata hiyo; alama za juu zilipotea kila mashine ilipozimwa, na watu wakazoea hivyo.

Umri wa mpango huo unaweza kupigiwa hesabu mezani. Betri ya aina ya CR2025 hubeba takriban miliampea-saa 160. RAM iliyotulia ikinywa mikroampea moja, yaani sehemu moja ya milioni ya ampea, betri hiyo ina saa 160,000, sawa na miaka 18 na ushei. Kaseti iliyofungwa kiwandani mwaka 1998 ingekuwa imeaga mwaka 2016. Joto, aina ya chipu na ubora wa betri husogeza tarehe hiyo mbele au nyuma, lakini haviifuti. Pokémon Gold na Silver, zilizotoka Japani Novemba 1999, zina hali mbaya zaidi, maana ndani yake kuna saa halisi inayohesabu mchana na usiku hata mashine ikiwa imezimwa. Saa hiyo inanyonya betri ileile, na matumizi yakiwa maradufu umri hukatwa nusu. Basi si ajabu mdogo akatangulia kufa kabla ya mkubwa. Na asiyewahi kushika Game Boy anaujua ugonjwa huu kwa jina jingine: ile kompyuta ya mezani ya ofisini ambayo kila asubuhi ikiwashwa inadai tuko Januari ya mwaka uliokwisha sahaulika. Ndani yake kuna betri ya ukoo huohuo, nayo imekufa.

Chipu mbadala inayozungumzwa zaidi na mafundi wa kazi hii huitwa FRAM. Jina lake lina asili ya neno la Kilatini la chuma, ingawa ndani hamna chuma. Kila seli yake ina fuwele ambayo chembe yake ya katikati husukumwa na umeme upande mmoja au mwingine, na umeme ukikatika chembe inabaki pale ilipoachwa. Hakuna anayehitaji kukesha ikumbuke. Aina mojawapo, FM18W08, ina ukubwa uleule wa kilobaiti 32, ina miguu 28 iliyopangwa kama ya RAM ya zamani, na mtengenezaji wake anaihesabia kuandikwa mara trilioni 100. Mtoto akihifadhi mchezo kila dakika maisha yake yote hataikaribia hesabu hiyo. Tena si kitu kilichobuniwa jana na wapenda vya kale. Sega waliweka FRAM ndani ya kaseti ya Sonic the Hedgehog 3 mwaka 1994, kwenye mashine ya nyumbani ya Mega Drive, na kaseti hiyo ilihifadhi mchezo bila betri yoyote. Nintendo nao, walipotoa Pokémon Ruby na Sapphire mwaka 2002 kwa Game Boy Advance, waliiacha RAM yenye betri na kuhifadhi mchezo kwenye kumbukumbu ya aina ya flashi. Betri ikabaki kwa ajili ya saa tu. Betri ya Ruby ikifa, gemu inamwambia mchezaji hivyo kwa maandishi, lakini safari yake yote ipo. Kwa maneno mengine, watengenezaji wenyewe walipoweza kuikimbia betri waliikimbia. Fundi anayeweka FRAM kwenye kaseti ya 1998 anaifanyia kile ambacho kaseti za wakati wake zilikuwa tayari zimeanza kufanyiwa.

Sasa uasili. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipita kama kisima kikavu. Anayesema kaseti ibaki ilivyotoka kiwandani anaogopa kwamba tukiruhusu hiki leo na kile kesho, hatimaye tutabaki na ganda la plastiki lenye vitu vya juzi ndani. Lakini tuitazame RAM yenyewe. Haikubuniwa kwa ajili ya Pokémon. Ilikuwa chipu ya dukani, na Nintendo walinunua kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, hata kaseti mbili za mchezo mmoja zikafunguliwa zikakutwa na RAM zenye nembo tofauti. Kama kiwanda hakikujali RAM ni ya nani, kwa nini tuipe leo heshima ya kitambulisho? Isitoshe, wakusanyaji haohao hawalalamiki betri inapobadilishwa, nayo pia ilitoka kiwandani. Ukiwauliza mpaka uko wapi, utaambiwa betri ni ya kuisha na chipu ni ya kudumu. Sawa, lakini RAM bila betri si ya kudumu, ni daftari ambalo kurasa zake zinafutika kila kitabu kikifungwa. Mafundi wa majahazi wa Lamu wameishi na swali hili muda mrefu kuliko sisi. Ubao uliooza unatolewa, mwingine unapigiliwa, pamba inasukumwa upya kwenye nyufa, na jahazi linashushwa majini kwa jina lake lilelile. Mnunuzi haulizi kama kila ubao ni wa siku ya kwanza. Anauliza nini kimebadilishwa, lini, na kwa mti gani.

Ukitaka kuona uasili ukifikishwa mwisho wake, tazama mnada wa Heritage nchini Marekani, Julai 2021, ambapo nakala ya awali ya The Legend of Zelda, ingali imefungwa kwenye nailoni yake, iliuzwa kwa dola 870,000. Mchezo huo, uliouzwa Marekani tangu 1987, ulisifika kwa kuhifadhi safari ya mchezaji kwenye kaseti yenyewe, na ulifanya hivyo kwa betri. Betri hiyo ilianza kunyonywa kiwandani. Imo ndani ya boksi, ndani ya nailoni, ndani ya kasha la plastiki lenye alama ya ubora, na mtu hawezi kuipima bila kuiangamiza thamani iliyolipiwa. Sina ugomvi na tajiri kutumia fedha yake. Ila kitu hicho kimeshaacha kuwa gemu. Ni boksi zuri lenye betri inayokufa ndani, na kulifanya liwe kipimo cha matunzo kwa mamilioni ya kaseti zinazochezwa ni sawa na kupima magari kwa lile lisilowahi kutoka kwenye kontena.

Upo wasiwasi mwingine ambao nauheshimu zaidi, nao ni wa feki. Soko la kaseti za Game Boy limejaa nakala bandia, na mkono unaoweza kung'oa RAM unaweza pia kung'oa chipu kubwa. Wapo wanaonunua kaseti ya gemu isiyotafutwa na mtu, ile inayouzwa kwa bei ya soda, wakaitoa chipu yake, wakaweka ya kuandikika yenye mchezo unaotafutwa, wakabandika lebo mpya, wakauza. Huo ni utapeli na uvunjaji wa haki miliki, basi. Lakini kinachotenganisha kazi hizo mbili si pasi ya kulehemu, ni chipu iliyoguswa. Chipu kubwa, ROM, iliundwa kiwandani ikiwa na mchezo ndani ya silikoni yenyewe. Haifutiki kwa betri wala haiandikiki upya, na hiyo ndiyo iliyolipiwa haki za mtunzi. RAM haina kitu cha mtunzi. Kilichomo ni cha mchezaji: jina alilojipa, wanyama aliowakamata, saa alizotumia. Anayebadilisha RAM hagusi mali ya Nintendo hata kidogo. Na pale ROM yenyewe inapokufa, jambo ambalo hutokea kwa nadra, nakubaliana na wakusanyaji: kuweka chipu ya kuandikika, hata kama ni ya mchezo uleule, kunazaa kitu kingine, na kiitwe kwa jina hilo.

Kwa nini basi tusibadilishe betri tu na kuyaacha mengine? Wanaouliza hivi wana haki kwa kaseti fulani, na wanaosifia FRAM mara nyingi huiruka sehemu hii. Pokémon Gold, Silver na Crystal zinahitaji betri kwa ajili ya saa. Ukiweka FRAM na kuitoa betri, mchezo unahifadhiwa vizuri ila saa inasimama kila unapozima, na mchezo uliojengwa juu ya usiku na mchana unapoteza nusu ya utamu wake. Hapo betri mpya ndiyo kazi sahihi, na fundi anayelazimisha chipu mpya anauza ufundi wake tu. Kwa kaseti zisizo na saa, hesabu inageuka. Kila betri inapotolewa RAM inasahau, isipokuwa ipewe umeme wa pembeni wakati wa kazi. Kila inapolehemiwa, shaba ileile nyembamba inapata joto, na haipati nafuu baada yake. Na si wote wanaolehemu. Kuna kaseti zinazofunguliwa na kukutwa betri mpya imefungwa kwa seloteipu juu ya vikono vya zamani, ambayo hufanya kazi mpaka siku kaseti inapoanguka kutoka kitandani. Wengine huweka pasi ya moto moja kwa moja kwenye tumbo la betri ya lithiamu, ambayo inaweza kupasuka. Betri za kazi hii huuzwa zikiwa zimeshaunganishwa vikono kiwandani. Kazi ya chipu ni ngumu zaidi, lakini inafanywa mara moja.

Ugumu wenyewe si wa kufichwa. FRAM hupokea anwani kwa mtindo wake: inaisoma pale tu inapoamshwa, wakati RAM ya zamani huifuata anwani popote inapobadilika. Kwa bodi nyingi tofauti hiyo haionekani. Kwa baadhi gemu inahifadhi takataka, na anayeuza kazi hiyo bila kujaribu kuhifadhi, kuzima, kusubiri na kuwasha tena amefanya nusu ya kazi. Kisha kuna joto. Miguu 28 inatolewa kwa bloa, flaksi na uvumilivu, na fundi akivuta kabla risasi haijayeyuka vizuri anaondoka na vipande vya njia za shaba za bodi, hasara ambayo betri iliyokufa isingeweza kuileta. Kilicho muhimu kuliko vyote hutangulia kabla kaseti haijafunguliwa: kama betri ingali hai, yaliyohifadhiwa yanakiliwa kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti, kisha yanarudishwa kwenye chipu mpya. Ni kilobaiti 32. Picha moja ya kawaida ya simu ingemeza nakala kama hizo mia moja, na fundi anayesema hakupata nafasi ya kunakili anamdanganya mteja.

Watakaosoma mpaka hapa watauliza kwa nini mtu asipakue mchezo akacheza kwenye simu. Anaweza, na kwa kucheza tu inatosha. Lakini upakuaji halali haupo kwa wingi unaodhaniwa. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ya Marekani ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena kihalali, na kwa familia ya Game Boy zinazopatikana hazikufika asilimia 6. Machi mwaka huohuo Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine yao ya 3DS, lililokuwa likiuza baadhi ya gemu hizo. Baadhi zimerudi tangu Februari 2023 kwenye huduma ya Switch, lakini kwa ada ya kila kipindi. Ukiacha kulipa, unaacha kucheza. Kaseti ndiyo nakala pekee ambayo mwenye nayo haombi ruhusa ya mtu, na ndiyo inayoweza kuuzwa, kuazimwa au kurithishwa na kila kilichohifadhiwa humo. Wanaodhani mchezo wote uko kwenye ROM wanasahau kwamba nusu ya kitu kinachopendwa ni ile kilobaiti 32 iliyoandikwa na vidole vya mtu fulani.

Kwa sisi wa huku, ambako kaseti za Game Boy hazikuenea kama Japani au Marekani, mjadala huu unaweza kuonekana wa watu walioshiba. Lakini mkono unaohitajika tunao. Mafundi wa simu wa Kariakoo na wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi huinua chipu za kumbukumbu zenye vituo vidogo kuliko vya RAM hii, wakaokoa picha za harusi kutoka kwenye simu iliyotumbukia majini, na hakuna mteja aliyewahi kuwaambia kwamba simu yake sasa ni feki. Anauliza kama picha zimepona. Swali hilo lina akili kuliko mijadala mingi ya wakusanyaji.

Kinachobaki ni uwazi, na hapo ndipo ningekaza kamba. Kaseti iliyofanyiwa kazi iuzwe ikisema imefanyiwa kazi. RAM iliyotolewa haina sababu ya kutupwa. Inaingia kwenye kifuko kidogo cha nailoni na kwenda na kaseti yake, ili anayetaka kuirudisha aweze. Ndani ya ganda, upande wa nyuma ambapo lebo haionekani, kuna nafasi ya kutosha kwa kibandiko cha ukubwa wa kucha ya dole gumba: aina ya chipu iliyowekwa, mwezi na mwaka, na kama betri imeondolewa au imebaki kwa ajili ya saa. Fundi atakayeifungua mwaka 2050 atakuwa na swali moja la kwanza, na jibu lake litakuwa limeandikwa hapo kwa kalamu ya wino.